Mashine Tatu za Upepo na Paa la Wandegeya

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ile ya Katwe, msimamizi hakuniuliza kama najua kuchomelea chuma. Alinishika bega, akanisogeza hadi kwenye ukuta wa mabati nyuma ya meza ya kazi, akanionyesha tundu. Lilikuwa refu na jembamba, na kingo zake zilikuwa zimekunjukia nje.

"Unaona hapa?"

"Naona, mzee."

"Panga ya mashine ilipita hapa. Tulikuwa tunaijaribu tu. Mutu wa kazi alikuwa anasimama hapo wewe unasimama, lakini alikuwa ametoka kununua chapati." Akanitazama usoni kuona kama nitacheka. "Kama wewe hapana ogopa hii kitu, rudi nyumbani. Mimi hapana taka mutu haogopi."

Nilimwambia naogopa. Sikuwa nadanganya. Akanipa glavu na miwani, tukaanza kazi.

Jina lake halisi wachache walilijua. Sote tulimwita Ssalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Mimi naitwa Bahati, mzaliwa wa Bukavu. Nilikuja Kampala nikiwa kijana, na kabla ya karakana hiyo nilikuwa nachomelea mageti na madirisha kwa mafundi wa barabarani. Niliposikia kuna karakana inayotengeneza mashine za kuzalisha umeme wa upepo, nilidhani ni kazi ile ile ya chuma na moto. Hofu niliyoipata asubuhi hiyo sikuitua tena mpaka nilipostaafu, na kwa kweli hata baada ya hapo. Ninyi vijana mnaofanya kazi hii leo mna vipimo vinavyosomeka kwenye simu. Sisi tulikuwa na masikio yetu na matumbo yetu.

Mashine ya upepo si kitu kigumu kueleza. Ina mapanga, kama ya feni, yanayosukumwa na upepo. Mapanga yanazungusha ekseli, na ekseli inazungusha jenereta yenye sumaku, ambayo ndiyo inayotoa umeme. Vyote vinakaa juu ya mlingoti. Kinachowapita watu wengi ni tabia ya upepo wenyewe. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Kampala upepo wa kawaida ni mdogo, mashine inaweza kusinzia juu ya mlingoti mchana kutwa. Halafu mvua inapokaribia, kabla hata tone halijaanguka, mashine hiyo hiyo inageuka kuwa kitu usichokijua.

Tulitengeneza aina tatu, na kila aina tuliipa jina letu la karakanani. Ya kwanza tuliiita Ndege, kwa sababu ina mapanga matatu mbele na mkia nyuma unaoielekeza upande upepo unakotoka. Ya pili ni Pipa. Unapasua pipa la mafuta kwa urefu, nusu mbili unazipanga ziachane kidogo zikumbatie upepo, kisha unazisimamisha kwenye ekseli. Ya tatu ni Kizimba. Hiyo mapanga yake yamesimama wima, yameshikwa na mikono ya chuma inayotoka kwenye ekseli ya katikati, na ikizunguka inaonekana kama kizimba cha kuku kisicho na kuku ndani.

Mwenye karakana, ambaye tulimwita Mkurugenzi, alikuwa mtu wa viatu vilivyong'arishwa. Alitembea navyo katikati ya vipande vya chuma na madimbwi ya oili bila kuangalia chini. "Katwe wanatengeneza majiko na masufuria," alipenda kusema. "Sisi tutatengeneza umeme." Hakuwa mtu mbaya, na nawaomba msimsome hivyo. Alitaka kuchagua mashine moja aitengeneze kwa wingi, na hakutaka kuchagua kwa kubahatisha. Ndiyo maana akamleta Mhandisi wa Upimaji.

Alikuwa mama wa Kikenya, mtu wa Nakuru, mpole wa sauti. Sote tulimwita Injinia. Siku aliyofika alizizunguka mashine zote tatu pale sakafuni, kisha akamgeukia Ssalongo.

"Ikikataa kusimama, mnafanya nini?"

Ssalongo akanitazama, akamtazama tena. "Tunakimbia, nnyabo," akajibu, yaani mama kwa Kiganda.

Injinia hakucheka. "Basi tutafute jibu lingine kabla hatujapanda juu," akasema. Tangu siku hiyo Ssalongo alimheshimu.

Majaribio tuliyafanya kwenye kilima kimoja nje ya mji, ukishapita Kasubi, kwenye kiwanja cha familia iliyotukubalia. Tulisimamisha mashine tatu kwenye milingoti ya urefu sawa, zote zikiwa na ukubwa sawa wa kukamata upepo, na katikati yake kipima upepo. Kazi yangu ilikuwa kupanda: kukaza boliti, kupaka grisi beringi, kusikiliza. Kila nilipofika katikati ya mlingoti nilikwama. Nilijifunga mkanda wa usalama, nikakumbatia chuma, nikasubiri pumzi irudi, kisha nikaendelea. Sikuwahi kumwambia mtu, na baadaye niligundua kila mtu chini alikuwa anaona.

Injinia alitufundisha jinsi ya kulinganisha. "Msiniambie bei ya kununua," alisema. "Hiyo ni mwanzo tu. Hesabu mashine, hesabu mlingoti na zege lake, hesabu usafiri, hesabu beringi utakazobadilisha na siku ambazo itakaa imeharibika. Halafu gawa yote hayo kwa umeme utakaoupata mpaka mashine ife. Hapo ndipo utajua ipi ni rahisi."

Tulipima kiangazi na masika, na majibu yakaja yenyewe. Pipa lilianza kuzunguka hata kwa upepo unaotikisa majani tu, lilikuwa kimya, na dhoruba haikulitia wazimu kwa sababu haliwezi kuupita sana mwendo wa upepo wenyewe. Lakini lilikula chuma kingi, na umeme wake haukufika hata nusu ya ule wa Ndege. Ndege ilitoa umeme mwingi kuliko zote, na kwa hesabu ya Injinia ndiyo iliyokuwa rahisi. Ubaya wake ni kwamba inataka mlingoti mrefu, mbali na nyumba na miti. Upepo ukizidi, mkia wake hujikunja na kuigeuza ubavu, isiukabili tena.

Kizimba kilikuwa katikati kwa umeme na cha juu kabisa kwa gharama. Mapanga yake yalitaka vipimo vya unywele, na beringi zake zilibeba mzigo mzito. Kingine kilichomsumbua Injinia ni kwamba kila panga, katika kila mzunguko, linavutwa nje kisha linasukumwa ndani. Chuma kinachopindishwa hivyo huku na huku huchoka. Kinachoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na siku kinapokatika hakitoi taarifa.

"Na nikiwaambia ukweli wote," Injinia alimwambia Mkurugenzi mbele yetu, "kwa upepo wa hapa Kampala, paneli za sola zinazishinda zote tatu. Mashine hizi zipelekeni ziwani, kwenye upepo."

Mkurugenzi alikuna kidevu. "Injinia, nimekusikia. Lakini wateja wangu wako mjini, na mjini nani ana uwanja wa mlingoti mrefu? Watu wana mapaa. Juu ya paa upepo unatoka kila upande, na Kizimba hakijali unatoka wapi. Tukijaribu huko tutajua."

Hoja yake ilikuwa na maana. Injinia alikubali jaribio, akaweka sharti moja: yeye ndiye atakayesema lini mashine izunguke na lini ifungwe.

Basi tukapelekwa Wandegeya, kwenye hosteli ya wanafunzi ya ghorofa kadhaa. Paa lake lilikuwa la zege, lenye matangi ya maji upande mmoja na kamba za kuanikia nguo upande wa pili. Tukakifunga Kizimba katikati. Chini ya mlingoti tuliweka wenzo wa breki, unaouvuta kwa mikono miwili ili utepe wa breki ubane ekseli. Ghorofa ya chini yake tuliweka swichi ya dharura. Ukiifunga, waya za jenereta zinaungana zenyewe kwa zenyewe, na jenereta inakuwa breki nyingine.

Haikupita muda wanafunzi wakaanza kulalamika. Si kelele, walisema, ni kitu ndani ya ukuta. Nilienda kwenye chumba kimoja nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unanguruma. Kikombe cha chai mezani kilikuwa na duara ndogondogo juu ya maji. Injinia alipoweka mkono wake alibadilika rangi. Alinieleza kwamba kuna mwendo fulani ambao mashine na jengo hutetemeka pamoja, kila mmoja akimwongezea mwenzake, na mikono ya chuma ndiyo inayolipa.

"Tunaifunga leo," akasema. "Ile mikono tutaishusha, tuipime."

Tukafunga breki. Lakini kabla mafundi wa kushusha hawajapatikana, Mkurugenzi alikuja na wageni, wenye majengo mengine mjini, waliotaka kununua. Walipangiwa viti uani, soda zikagawiwa. Mkurugenzi akapanda ngazi hadi tulipokuwa.

"Injinia, nakuomba. Izunguke kidogo tu waione, kisha mfunge. Upepo wenyewe haupo."

Ni kweli haukuwepo. Mchana ulikuwa umetulia, na joto lilikuwa zito. Injinia alitazama angani upande wa ziwa, akatazama kipima upepo. Alisita. "Kidogo," akasema mwishowe. "Nikisema basi, ni basi. Mimi nitakuwa kwenye swichi."

Ssalongo akaachia wenzo. Kizimba kikaanza kujivuta polepole, kikizunguka kwa adabu, na kutoka chini tukasikia wageni wakipiga makofi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa ngazi. Nilikuwa na haja ndogo lakini sikutaka kuondoka.

Mnaijua mvua ya Kampala. Wingu lilipanda nyuma ya majengo, mwanga ukageuka manjano, halafu vumbi likanyanyuka barabarani na mabati ya soko yakaanza kupiga kelele. Upepo ulifika kwa pigo moja. Nilisikia sauti ya Injinia kutoka chini ya ngazi: "Funga! Ssalongo, funga!"

Ssalongo aliuvuta wenzo. Nikaruka kumsaidia. Tuliuvuta wote wawili, mashine ikapunguza mwendo kidogo, tukanusa mpira unaoungua, na wenzo ukalegea mikononi mwetu. Utepe wa breki ulikuwa umekwisha. Chini Injinia alifunga swichi. Mashine ilishtuka, ikashikwa kwa muda, nami nikadhani tumepona. Kisha moshi ukatoka kwenye jenereta, waya zikakatika ndani yake, na Kizimba kikawa huru kabisa. Hakikuwa na mzigo wowote tena wa kukizuia.

Sijui niseme vipi sauti ile. Ilianza nzito, miguuni, kwenye zege, kisha ikapanda. Mapanga hayakuonekana tena, palikuwa na ukungu tu wa duara.

"Toka!" Ssalongo akanisukuma. Chini nilimsikia Injinia, yule mama wa sauti ya upole, ambaye alikuwa ameshakimbilia uani, akipiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena: "Ondokeni hapo! Acheni viti! Ingieni ndani! Wewe mzee, acha soda!"

Tulifika mlangoni, nami nikageuka kuangalia. Upande wa kamba za nguo alikuwepo mtu.

Alikuwa Mama Neema, mama wa Kikongo aliyekuwa anawafulia wanafunzi. Mvua ikitaka kunyesha mfua nguo hufanya nini? Anakimbilia nguo. Alikuwa amepita ngazini tulipokuwa tunahangaika na breki, na sasa alikuwa anachomoa mashuka kwenye kamba, mengine akiyabana kwa kidevu.

"Mama Neema! Acha!"

"Papa Bahati, hizi ni nguo za watu!"

Miguu yangu ilikataa. Nawaambia hivyo kwa sababu watu wamenisifu kwa siku ile, na sifa zenyewe zinanikera. Nilisimama pale mlangoni nikamwangalia, na kila kitu ndani yangu kilisema shuka ngazi. Nilichofanya ni kupiga magoti. Nilitambaa, kwa sababu kutembea nisingeweza, nikapita chini ya ile sauti tumbo likiwa karibu na zege. Nilipomfikia nilimkamata mguu nikamwangusha. Alianguka juu ya mashuka yake, akanitukana kwa Kishi, lugha ya kwetu. Nikamvuta nyuma ya msingi wa zege wa matangi, nikamlalia.

Nilipoinua kichwa nilimwona Ssalongo. Alikuwa amerudi kwenye wenzo. Alikuwa ameuviringishia mkanda wake wa suruali na anauvuta kwa uzito wote wa mwili, chuma kwa chuma, cheche zikiruka. Alikuwa anatutafutia muda wa kufika mlangoni. Sikuweza kunyanyuka. Nilimpungia mkono aondoke, naye hakuwa ananitazama.

Mkono wa chuma ulikatika. Panga lilipita juu yetu, likaingia kwenye tangi, na maji yote yakatumwagikia kwa pamoja nikadhani ni damu. Panga la pili liliruka upande wa uani. Wenzo ulirudi nyuma kwa nguvu ukampiga Ssalongo kwenye mkono wa kulia, nikausikia mfupa. Kisha mlingoti ukainama na kulala juu ya kamba za nguo, na iliyobaki ilikuwa mvua.

Uani panga lilikuwa limekata safu ya viti vya plastiki na kujichimbia kwenye bustani. Hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamebanana ndani ya ukumbi, wengine na chupa mikononi, na Injinia amesimama mlangoni amenyoosha mikono kuwazuia wasitoke.

Mkurugenzi alipanda juu akiwa amelowa. Alimwangalia Ssalongo aliyekaa chini ameukumbatia mkono wake, akamwangalia Mama Neema anayetetemeka ndani ya shuka la mtu. Akakaa kwenye maji pale pale. "Nilisema upepo haupo," akasema. Alirudia maneno hayo mpaka gari la wagonjwa lilipokuja.

Mkono wa Ssalongo uliungwa vibaya na vidole havikurudi. Hakushika tena mashine ya kuchomelea. Mkurugenzi alimwacha kazini kama mkaguzi, na hakuna panga lililotoka Katwe bila yeye kuligonga kwa kidole cha mkono wa kushoto na kusikiliza linavyolia. Niliwahi kumuuliza kwa nini alirudi kwenye wenzo.

"Mimi hapana jua," alisema. "Nilikuwa naogopa kukuacha kuliko kukaa."

Kizimba hatukukitengeneza tena. Injinia aliongeza kitu kimoja kwenye hesabu zake: kila aina ikaandikiwa inasimamishwa vipi upepo ukizidi, na breki zake zikishindwa zote, inaanguka wapi na juu ya nani. Mkurugenzi alisoma, akafunga biashara ya mapaa, akageukia ziwani.

Huko ndiko nilikomalizia kazi, nikiwa Mkaguzi wa Mitambo, kwenye vituo vya afya vya visiwani, ambako Ndege ziliendesha majokofu ya chanjo. Ziliwekwa kwenye milingoti ya kulazwa chini kwa winchi, mbali na kila nyumba, na mimi ndiye niliyepima umbali huo kwa miguu yangu. Watu walininung'unikia kwamba nawapotezea waya. Kwenye kituo kimoja Afisa wa Afya aliniambia, "Mzee, unaweka mashine mbali kana kwamba ni mgonjwa wa kuambukiza."

"Ndiyo," nikamjibu. "Na ukiona watoto wanacheza chini yake, wafukuze."

Hakuna aliyeumia kwenye mitambo yangu. Silisemi hilo kwa kujisifu, maana sijui kama ni ukaguzi wangu au ni bahati tu. Naomba mnielewe: sikuwahi kuizoea. Wenzangu walisema hofu huisha ukizeeka kazini. Yangu iliongezeka, kwa sababu kila mwaka nilijua njia mpya ya chuma kukatika.

Sasa nimestaafu, naishi Kasubi na mke wangu. Juu ya nyumba tuna paneli mbili za sola, na majirani wanacheka: mzee wa upepo anakula jua! Vijana wa chuo huja kuniuliza ni mashine ipi bora. Nawapa hesabu za Injinia kama alivyotufundisha, kwa sababu bado ni sahihi, na mitambo mipya ya chuma mnayoibuni, hata kama ni nyepesi na ya bei nafuu, itapita kwenye hesabu hizo hizo. Wanasikiliza gharama, wanasikiliza umeme. Nikifika kwenye namna ya kuisimamisha mashine, wengi wanakuwa wameanza kutazama simu. Msichana mmoja tu aliwahi kuniuliza, "Mzee, na sauti yake ilikuwaje?" Nilimkaribisha chai.

Mchana wa masika, mwanga ukigeuka manjano, huwa naacha ninachokifanya. Naweka kikombe mezani nayaangalia maji yake. Kisha nasimama mlangoni, nikisikiliza mabati ya jirani na majani ya mgomba, nikitenganisha sauti moja moja mpaka niwe na hakika kwamba kila moja naijua.

"Kuna nini?" mke wangu huuliza kutoka jikoni.

"Upepo tu," namwambia.

Naye huzima jiko, huja kusimama kando yangu, na hatukai mpaka utulie.